Duara Lililofutika Juani

Mimi nina sauti. Hilo hata wasionipenda hapa Mbulumbulu watakwambia. Marehemu mume wangu alikuwa akisema parokia ingeweza kuuza kengele yake, mimi Antonia nikasimama tu kilimani, watu wakaja misa. Nilipotaka mwanangu Tluway arudi na mbuzi sikutuma mtu, wala sikushuka bondeni. Nilisimama kwenye kichuguu cha nyuma ya jiko, nikajaza kifua, nikaita mara moja. Yeye kule chini korongoni alipiga mluzi kwa vidole viwili. Nikishausikia mluzi, naingia ndani kusonga ugali.

Basi habari yangu ni ya sauti hiyohiyo, na ya mashine moja, na ya mdomo wangu ambao umeniponza.

Tluway ndiye mtoto pekee niliyejaliwa. Hesabu alizipenda tangu mdogo, akasomea ualimu wa hesabu, na likizo alikuwa akiwabebea mizigo wageni wanaokwenda kwa miguu kreta ya Empakaai. Mgeni mmoja, naye mwalimu wa hesabu huko kwao, akamwachia kalkuleta yake. Usidhani ni hizi za dukani za kujumlishia bei ya vitunguu. Ilikuwa nene, ina kioo kipana, ina vitufe mpaka unachoka kuvitazama. Ukiiandikia mlinganyo, yenyewe inakuchorea grafu.

Aliniketisha mezani kunionyesha. Akabonyeza, ikatokea mistari miwili iliyokatana, mmoja umesimama, mwingine umelala, na mimi nikaona msalaba. Akaniambia pale inapokatana ndipo sifuri, kila kitu kinahesabiwa kutoka pale. Akaandika kitu kifupi, na mstari ukaanza kupanda taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu aliyebeba debe la maji. Kisha akaondoa alama ya sawasawa, akaweka ile ya ndogo kuliko. Jamani, upande wote wa chini ya mstari ukaingia kivuli. Akasema mlinganyo unakupa njia, lakini alama ile nyingine inakupa shamba zima. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, lakini hilo nililielewa mara moja, maana njia na shamba navijua.

Siku nyingine akachora duara. Mashine ilianza na nusu ya juu, ikapumua kidogo, ikachora nusu ya chini, halafu ndani pote ikatia kivuli. Kulia na kushoto, zile nusu mbili zinapokutana, ulibaki mwanya mdogo. Nikamwambia mashine yake haijui kufunga. Akacheka, akasema huo ni ugonjwa wake wa kuzaliwa. Nikamuuliza duara ni la nini. Akasema, "Ni wewe, mama."

Nikamwambia mimi si mnene kiasi hicho, na kama nimenenepa ni kwa sababu namaliza ugali anaobakiza yeye. Alicheka mpaka akashika ukuta. Hakunieleza zaidi, nami sikuuliza, nikidhani ni utani.

Sasa nije kwenye ubaya wangu. Tluway alipangiwa kazi Digodigo, kule tarafa ya Sale, wilaya ya Ngorongoro, barabara ya mawe na vumbi tupu. Mwaka wa pili akaja nyumbani na binti. Jina lake Nareyu, Mmasai wa Malambo, mwalimu wa fizikia shule hiyohiyo. Binti mrefu, mpole, amevaa vizuri. Aliponifikia hakunyoosha mkono. Aliinamisha kichwa mbele yangu, kama wanavyofanya kwao, kijana anainama, mkubwa anamgusa utosini, ndiyo salamu na ndiyo baraka.

Mimi desturi ile naijua. Nimeishi na Wamasai minadani tangu usichana wangu, na vichwa vya watoto wao nimegusa visivyo na idadi. Siku ile mikono yangu niliiweka nyuma. Binti wa watu akabaki ameinama, nami namtazama kisogo, mpaka akainuka mwenyewe. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Nilikuwa na maneno mengi. Nilisema watu wa ng'ombe hawajui jembe. Nilisema nani atapalilia ngano yangu, nani atavuna mbaazi. Nilisema babu yangu aliibiwa ng'ombe na watu wa kule, kana kwamba binti huyu ndiye aliyewaswaga. Ukweli niliumeza. Ukweli ni kwamba nilimwona mwanangu anavyomtazama, nikajua hatahamia tena karibu, nikaogopa kubaki peke yangu na kuku.

Tluway alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwa upole kwamba ameshaamua. Nikapandwa na hasira. Nikasema, "Ukitoka hapa na huyu, mimi sikuiti tena. Hata ukiwa bondeni pale, sikuiti."

Na mimi nikisema nimesema. Walitoka asubuhi. Nilibaki jikoni nimegeukia moto mpaka hatua zao zikaisha. Nilipokuja mezani nilikuta ile kalkuleta, ameiacha juu ya kitambaa, katikati kabisa. Mtu hasahau kitu anachokipenda namna ile. Aliniachia.

Krismasi ya kwanza alipiga simu. Nikaitazama inavyolia mpaka ikakata. Akapiga tena Pasaka, nikafanya vilevile. Baada ya hapo hakupiga. Nilimkasirikia kwa kutopiga, unaona akili hiyo. Nilimkasirikia mtu kwa kuacha kubisha mlango nilioufunga mwenyewe.

Nilichobaki nacho ni duara. Kila Jumapili nikitoka misa, nilijifunga kanga, nikakaa mezani, nikaiwasha mashine. Vitufe viwili tu nilivijua, cha kuwashia na cha kuchorea. Nusu ya juu inatoka, inapumua, nusu ya chini inatoka, kivuli kinaingia, ule mwanya pembeni upo palepale. Nilikuwa natazama inavyochora nikihisi vidole vya mwanangu viko nyuma ya kioo. Halafu nazima, naenda kulisha kuku.

Miaka miwili ilikwenda hivyo. Mwezi wa saba uliopita mchoro ukaanza kufifia, nikajua betri zinaisha. Sasa wewe niambie, betri za redio zikichoka kwenu mnafanyaje? Hapa tunazianika. Unazitoa, unazipanga juu ya bati, jua linazichoma mpaka mchana, unazirudisha, na redio inaimba siku mbili zaidi. Mama yangu alifanya hivyo, na mimi nimefanya hivyo maisha yangu yote, hata za tochi. Nikazitoa zote nne kwa mpigo, nikazianika juu ya bati la jiko, nikaenda kupalilia.

Saa nane nilizirudisha zikiwa bado na joto. Mashine ikawaka vizuri, maandishi meusi kama mapya, nikajipongeza. Yakapita maneno ya Kiingereza. Nikabonyeza kitufe cha kuchora, ukatokea msalaba mtupu. Nikabonyeza tena, msalaba. Niliizima nikaiwasha, nikaizima nikaiwasha, mpaka kidole kikaniuma. Nililia siku ile kuliko nilivyolia walipoondoka, maana walipoondoka nilikuwa na hasira ya kunishika.

Kesho yake nikapanda gari kwenda Karatu mjini kwa Simon, fundi simu wa jirani na stendi. Akaifungua, akanionyesha betri nyingine ndogo bapa, ya akiba, iliyokufa zamani. Akasema hiyo ndiyo ingetunza kumbukumbu wakati zile nne ziko nje, na kwa kuwa imekufa, nilipaswa kuzibadilisha moja moja upesiupesi, si kuzitoa zote. Nikamgombeza pale mbele ya wateja, nikamuuliza ningejuaje, kwani zimeandikwa? Nilipomaliza akaweka betri mpya ya akiba bila kunidai hata senti, akasema grafu yenyewe hana uwezo wa kuirudisha. Mashine haikosi kitu, imekosa namba tu. Anayezijua namba ndiye wa kuziandika.

Anayezijua yuko Digodigo. Nilikaa kwenye benchi lake nikiwa na simu mkononi, jina la Tluway liko mbele yangu, na kidole kikagoma. Ningesemaje? Kwamba nimepuuza simu zake za Krismasi na Pasaka, sasa namtafuta kwa ajili ya kalkuleta? Nikaona afadhali niende mwenyewe. Usoni mtu unaweza kunyamaza na ukaeleweka, kwenye simu huwezi.

Safari ile sitaki kuieleza. Nililala Mto wa Mbu kwa binamu yangu, alfajiri nikachukua gari la kwenda Loliondo, na kuanzia Engaruka nilikula vumbi mpaka jioni. Nimebeba mbaazi ndoo moja na ile mashine imeviringishwa kwenye kanga. Nililala Sale kwa mama mmoja aliyenihurumia, kesho yake mchana ndipo nikapata pikipiki, nikafika Digodigo kwenye saa tisa alasiri. Kumbe kule si jangwa kama nilivyowasimulia watu. Mifereji ya maji inapita mashambani, mahindi yamesimama, migomba imejaa. Nikaona aibu kidogo peke yangu.

Nyumba ya mwalimu Tluway nilionyeshwa na mama anayefua. Mlangoni alikaa Nareyu anasahihisha madaftari. Aliponiona, kalamu ikamdondoka. Akasimama, akaja mpaka mbele yangu, na akainamisha kichwa tena, kama ile siku. Mtu ambaye ulimwacha ameinama miaka miwili, bado ameinama. Nikaitua ndoo, nikaweka viganja vyangu vyote viwili utosini kwake, na nikachelewa kuviondoa.

Alisema vipindi vyake yeye vimekwisha, Tluway bado yuko shuleni ng'ambo ya mfereji mkubwa, atarudi jioni. Alinipa maji ya kunawa, akanipa chai ya maziwa. Nikafungua kanga, nikaweka mashine mezani, nikamweleza habari ya betri na bati. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alisema kwao Malambo bibi yake naye huanika betri za redio, na zikikataa anazing'ata.

Nikamwambia nimekuja ili Tluway anirudishie duara. Akaivuta mashine kwake, akaanza kubonyeza bila kuuliza. Nikamtazama. Namba alizijua kwa kichwa. Akaandika mstari mmoja wa alama, akaandika wa pili chini yake, akabonyeza kitufe changu. Nusu ya juu ikatoka. Ikapumua. Nusu ya chini ikatoka, kivuli kikaingia, na kulia na kushoto ule mwanya uleule.

Nikamuuliza amezijuaje. Akasema kila mwaka kidato kinapofika kwenye somo la grafu, Tluway huanza na duara hili ubaoni, hata wanafunzi wanalijua.

"Wanalijua kuwa ni la nini?" nikauliza.

Akanitazama, akashangaa kwamba mimi silijui.

"Ni sauti yako, mama," akasema. "Sifuri ni kichuguu cha nyuma ya jiko lako. Alipima kwa miguu, pande zote, mpaka mahali pa mwisho anapoweza kukusikia ukimwita. Ni kilomita mbili. Humu ndani ya kivuli ndimo sauti yako inamofika."

Miaka miwili nakaa kila Jumapili mbele ya sauti yangu mwenyewe, na niliapa kutoitumia. Na yeye alikuwa ameniachia juu ya meza, katikati ya kitambaa, asubuhi ileile niliyomwambia simwiti tena.

Nikamuuliza Digodigo iko wapi kwenye mchoro huo. Nareyu akatikisa kichwa, akasema hapa haionekani, iko juu, kaskazini, karibu kabisa na ule mstari uliosimama, lakini mbali mno nje ya kioo. Akabonyeza kuonyesha eneo pana zaidi. Duara likapungua. Akabonyeza tena, likawa kama punje ya mtama. Akabonyeza tena, likapotea pale mistari inapokatana, ukabaki msalaba mtupu ule niliouona nyumbani. Halafu akaweka nukta moja juu, karibu na ukingo wa kioo. Akasema hapo ndipo tulipokaa sasa hivi, kilomita mia na ishirini hivi kwa ndege anayeruka. Nikaitazama nukta ile iko peke yake, na sifuri kule chini iko peke yake. Sikuwahi kuuona umbali kwa macho namna ile, na niliumia.

"Ongeza namba," nikamwambia.

Hakunielewa. Nikamwambia si ni namba tu, kama mbili inatoa duara dogo, aweke kubwa, aweke mpaka lifike. Nareyu akachukua kalamu, akasema duara linataka umbali uzidishwe kwa wenyewe, akazidisha mia na ishirini kwa mia na ishirini pembeni mwa daftari la mwanafunzi, akapata elfu kumi na nne na mia nne, akaandika. Mashine ikachukua muda wake. Nusu ya juu ikapanda polepole kutoka kushoto, ikapanda, ikapita katikati kabisa ya ile nukta, ikashuka. Kivuli kikajaa nchi yote, Karatu, kreta ya Ngorongoro, Malambo kwao, Sale, mpaka miguuni petu. Ila Digodigo ilikaa juu ya mstari wenyewe.

Hapo nikaingiwa na hofu ya kijinga. Nikamuuliza, aliye juu ya mstari yuko ndani au nje?

Nareyu akasema mashine haitofautishi, hiyo ni kazi ya anayeandika. Ukiweka alama ya ndogo kuliko peke yake, aliye mstarini yuko nje, na ubaoni unamchorea vidoti. Ukiweka kamstari chini ya alama, yumo ndani, unachora mstari mzima. Wanafunzi husahau kamstari hako kila mwaka. "Na Tluway kila mwaka anawaambia," akasema, "kwa mama yangu msiweke vidoti."

Kisha akafunga daftari, akatazama nje, akasema kwa sauti ya chini kwamba walimu wameanza kutoka.

Nikatoka nikasimama mlangoni. Ng'ambo ya mfereji, mbali, kwenye njia ya katikati ya mahindi, mtu mwenye shati jeupe alikuwa anakuja, mdogo kama kidole. Nilimjua kwa mwendo. Anatembea bega moja limeshuka, tangu siku za mbuzi. Alifika mahali njia zinapogawanyika, akachukua ile nyingine ya kwenda dukani, akatugeuzia mgongo.

"Hapo haifiki hata kilomita moja, mama," Nareyu akasema nyuma yangu.

Najua. Nilikuwa najua. Nilijaza kifua, ikatoka hewa tupu, koo limekauka kwa kiapo cha miaka miwili. Nikameza mate, nikasogea mpaka ukingo wa mfereji, nikapanda kwenye tuta la udongo waliouchimbua. Nikajaza tena. Nikaita jina la mwanangu, zima, lenye mkia mrefu, kama nilivyoliita miaka yote kutoka nyuma ya jiko langu. Wanawake waliokuwa wakichota maji wakainua vichwa. Ndege wakatoka mahindini.

Shati jeupe likasimama.

Hakugeuka. Alisimama tu palepale amenipa mgongo, muda mrefu, mpaka nikaanza kufikiri kwamba sasa zamu ni yake, na kwamba ana haki. Sikuita mara ya pili. Kwa desturi yetu niliita mara moja tu.

Kisha nikaona mkono wake wa kulia unapanda kwenda mdomoni, kama kule korongoni.